Mayai ya Mashine na Kuku wa Mama Mkwe

Jumatano, 3 Oktoba 1951

Nimenunua mashine ya kuangulia mayai! Mnadani hapa Dodoma, kwa Mzungu mmoja aliyekuja kwa ajili ya mradi wa serikali wa karanga kule Kongwa na sasa anarudi kwao. Sanduku la mbao, ndani droo ya kuwekea mayai, chini mahali pa taa. Kioo kimepasuka. Si kitu. Kuku wenyewe hawana kioo.

Mwantum, mke wangu, ameizunguka mashine. Kisha akauliza kama hii ni ndugu yake ile sabuni. Sabuni niliyopika mwaka jana ilibabua nusu ya mtaa, na hadi leo wanazungumza kana kwamba ilibabua mtaa mzima. Ametoa hukumu: mashine ikishindwa, basi na mambo yangu ya mjini yamekwisha, tunahamia Kondoa kwa mama yake kulima. Mimi, Yahaya, fundi wa taa na stovu, nishike jembe! Nilishawahi kulima huko msimu mmoja. Niling'oa ulezi nikaacha magugu. Yanafanana sana, mtu yeyote angekosea.

Nimekubali sharti. Sishindwi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mama mkwe, Bi Kuluthumu, amefika kwa lori kumtembelea binti yake. Nimemwamkia nikiwa nimeinamisha macho, kama inavyonipasa. Ametuletea zawadi: kuku mweupe anayetaka kuatamia, mwenye mwendo wa mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Nimempa jina Memsahibu. Kawekwa chumbani kwa mama mkwe, chini ya kitanda.

Mwantum anasema sasa yawe mashindano. Mayai kumi kwa Memsahibu, kumi kwenye mashine, yote ya kapu moja kutoka Mlali, kuanzia kesho. Nimefurahi. Memsahibu hajui kusoma.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mashine ina maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa rangi ubavuni. Nimemwendea Bwana Dhirajlal, ambaye nafanyia kazi kwenye baraza la duka lake. Bwana Dhirajlal hali yai, hashiki yai, na hataki yai lipite mbele ya duka lake. Nimembembeleza mpaka akaja. Amesimama mlangoni, leso puani, akasoma kutoka huko huko. Kwamba upande mnene wa yai ukae juu, ncha ikae chini. Kwamba mayai yageuzwe kila siku, na idadi ya kugeuza isiwe shufwa bali witiri. Kwamba siku tatu za mwisho uache. Baada ya hapo rangi imebanduka.

Nikamuuliza uache nini. Akasema hajui, na kwamba kwa maoni yake ningeacha yote. Akaenda zake kuoga.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimewaza sana juu ya mkao wa yai. Mwislamu analala kwa ubavu wa kulia. Kifaranga naye atazaliwa katika nyumba ya Kiislamu. Basi nimeyalaza yote kumi kwa ubavu wa kulia.

Athuman, jirani yetu, utingo wa lori la Kondoa, akaniuliza ubavu wa kulia wa yai ni upi. Nikamwambia ni ule usio wa kushoto. Amecheka mpaka akakaa chini. Mtu wa kubeba magunia, ataelewa nini mambo ya kitaalamu?

Jioni nimeyasimamisha tena, ncha chini. Si kwa sababu ya Athuman.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimepata dawa ya kugeuza! Swala ni tano kwa siku, na tano ni witiri. Kila nikitoka msikitini nakimbia nyumbani kugeuza. Watu wameanza kusema Yahaya ana tumbo la kuhara. Waseme.

Kila yai nililichora alama ya mkaa upande mmoja, nijue lililogeuzwa na lisilogeuzwa. Leo naona alama zote zimehamia vidoleni mwangu. Yapo mayai niliyoyageuza mara mbili, yakarudi yalikokuwa. Yapo ambayo nadhani hayajawahi kuona upande wa pili tangu Ijumaa. Sitamwambia mtu.

Jumatatu, 15 Oktoba

Mwantum ananiambia mama yake anasema Memsahibu hugeuza mayai kwa mdomo, taratibu, wala hahitaji kwenda msikitini. Maneno ya kunichoma. Lakini yamenifungua akili. Mdomo! Kosa langu ni kutumia mikono.

Nimepiga magoti, nimeingiza kichwa kwenye mashine, nikaanza kuyageuza kwa pua. La kwanza, vizuri. La pili, vizuri. La tatu, masharubu yakashika moto. Athuman alikuwa mlangoni, ameleta taa itengenezwe. Sijui alisimama pale tangu yai la ngapi.

Narudi kwenye mikono. Masharubu yamebaki upande mmoja. Mwantum amekataa kunitazama wakati wa kula, anasema atapaliwa.

Jumanne, 23 Oktoba

Zimebaki siku tatu. Rangi ya Mzungu inasema niache. Nimefikiri kutwa nzima ni jambo gani la kuacha. Nimeacha tumbaku. Kugeuza nimezidisha, sasa mara kumi na moja. Mwisho wa kazi ndipo mtu anapotakiwa kujitahidi.

Ukweli ni kwamba naogopa. Nimeweka yai sikioni, kimya. La pili, kimya. Yote kumi yametulia. Usiku wa kuamkia leo nimeota jembe.

Jumatano, 24 Oktoba

Leo nimerudi kutoka kazini, nimekuta mayai yangu yamechafuka. Lina kinyesi hili, lina unyoya mweupe lile. Ajabu! Mashine imeanza kuiga kuku kwa kila kitu. Ningekuwa na nguvu ningeshangaa zaidi, lakini kukosa tumbaku kumenimaliza.

Alhamisi, 25 Oktoba

Balaa. Mayai yanagonga! Nimeyasikiliza moja moja, yote yanagonga kwa ndani, ko, ko, ko. Moja limeanza kufanya ufa. Yanachemka. Nimeyapika. Kondoa inaniita kwa jina.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijivunii, ingawa lilifanywa kwa ustadi. Mwantum na mama yake walikuwa wamekwenda kwenye matanga. Chumba cha mama mkwe mtu hakanyagi. Chetu naye hakanyagi. Ndiyo heshima yenyewe, na mwenye kuivunja hana uso wa kuuonyesha tena kwa ukoo. Nimeingia nikiwa nimefumba macho, ili nisione kitu cha mkwe wangu. Nimegonga paji la uso kwenye kitanda. Memsahibu kanidonoa mkono wote. Lakini nimeyatoa mayai yake kumi, safi, matulivu, nikamwekea yangu yaliyochemka. Yake nikayaweka kwenye mashine, upande mnene juu.

Za mwizi arobaini. Yangu ni ya kwanza tu!

Ijumaa, 26 Oktoba

Memsahibu ana vifaranga kumi.

Mashine haina kitu. Nimesubiri mpaka baada ya swala ya alasiri, nikavunja moja. Viza. La pili, viza. Harufu imefika dukani. Bwana Dhirajlal amefunga milango mchana kweupe na kuagiza ubani uchomwe barazani.

Sielewi. Mayai ya kuku yanaozaje, na yaliyochemka yanatotoaje?

Jumamosi, 27 Oktoba

Sasa naelewa.

Mwantum kanieleza huku akifunga mizigo. Mama yake amelia tangu jana. Kumbe mama mkwe alikuwa anaogopa kuliko mimi. Hataki nikanyage shambani kwake, ule ulezi bado haujamtoka rohoni. Basi Jumatano, nilipokuwa kazini, alijikaza, akaingia chumbani kwetu, mama wa watu, akiwa amejifunika kanga usoni kwa aibu. Akachukua mayai yangu, akampelekea Memsahibu. Ya Memsahibu, yaliyokuwa mbioni kutotoa, akayapanga kwenye mashine yangu. Ili nishinde. Ili nibaki Dodoma.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa na vifaranga kumi mkononi, wakinigongea mlango, nikawarudisha kwa mikono yangu mwenyewe!

Mwantum akaniuliza sasa mayai yalirudije chini ya kitanda, na chumba cha mama hakiingiwi na mtu. Akautazama mkono wangu wenye alama za kudonolewa. Nikamjibu kwamba Mungu ni mkubwa. Akasema ni kweli, na kwamba lori la Athuman linaondoka kesho.

Jumatatu, 12 Novemba

Kondoa. Mikono imetoka malengelenge. Mama mkwe, kwa kupitia Mwantum, ananiomba kila asubuhi nipumzike. Nakataa, maana mkwe mvivu ni aibu. Jana nimesafisha kipande kizima peke yangu. Baadaye wameniambia kilikuwa na mihogo.

Lakini mambo yanakwenda vizuri. Mashine nimekuja nayo, nilimwambia Athuman ni stovu. Kuku wa jirani ameanza kuatamia, na kwa kupitia Mwantum nimetangaza mashindano mapya. Nikishinda, tunarudi mjini. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kukubali, akatoa na mayai.

Nimekwisha kuona nilipokosea Dodoma. Sikuwa na uhakika. Nilifanya mara moja tu, kwa haraka, nikaridhika. Safari hii sifanyi uzembe. Siku ya mwisho ikifika, nitayabadilisha mayai mara mbili.