Ufunguo kwa Ufunguo

“Gari langu halijawahi kuguswa na mkono wa mtu mwingine,” alisema Mshauri, “na halitaguswa mpaka siku nitakapobebwa mabegani.”

Aliyasema hayo asubuhi, ameliegemea gari lenyewe kwa kiwiko kama mtu anayepigwa picha. Jua halijafika utosini, maneno hayo yalikuwa yamegeuka na kumtafuna aliyeyatema. Lakini tusiyarukie. Msimulizi mwenye pupa hunyimwa chai.

Mshauri alikuwa mtu wa gereji ambaye hakuwa fundi. Pale kwenye uwanja wa mafundi, nyuma ya maduka ya vipuri, kila mtu alikuwa na kazi inayoonekana. Wa kuchomelea alichomelea, wa rangi alipaka, na Fundi Miguu alilala chini ya magari. Jina hilo alilipata kwa sababu wateja wengi walimfahamu kuanzia magotini kushuka chini. Mshauri yeye alivaa ovaroli jeupe. Ovaroli jeupe, gereji! Halikuwa na doa la grisi hata kwa bahati mbaya. Kazi yake ilikuwa kulizunguka gari la mgeni, kuguna, kutikisa kichwa, kisha kumweleza mwenye gari kwamba amepungukiwa. Na kwa miujiza ya biashara, kila mwenye gari alikuwa amepungukiwa na kile kile ambacho Mshauri alikuwa nacho stoo.

Wengi waliingia mkenge. Mimi, nisijisifu, nilimtambua siku ya kwanza. Asubuhi hiyo nilikuwa pale kwa shughuli zangu binafsi, nimekaa kwenye benchi la dada wa chai, naangalia tu.

Ikaingia pikapu ya zamani, katika yale magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya milima, yanayovuta kwa tairi zote nne na kumkumbusha abiria kila mfupa alio nao. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Wa pili haukufungwa kabisa, ulishikwa na dereva. Akashuka mama wa makamo, udongo kwenye kucha, khanga imekazwa kiunoni kikazi.

Huyo ndiye Mama Miche, mwenye kitalu cha miti ya matunda. Ushirika wa wakulima ng’ambo ya bonde ulikuwa umekubali kununua miche yake yote, ila barabara ya bondeni ilikuwa tope la kumeza ng’ombe na pembe zake. Na miche haina subira. Mizizi ilikwisha kutoboa vifuko. Wiki ikiisha kabla miche haijafika, ushirika ungenunua kwingine, na jasho lake la mwaka mzima lingegeuka kuni.

Akasimama katikati ya uwanja, akauliza kwa sauti, bila kumlenga mtu:

“Jamani, nina fedha kidogo na gari la zamani. Nianze na nini?”

Kuna maneno ambayo mtu hatakiwi kuyatamka hadharani. Hayo ni sawa na mbuzi kuwauliza fisi njia ya kwenda kwao.

Mshauri alikuwa amefika kabla swali halijamalizika. Macho yake, hata hivyo, hayakuwa kwa mama. Upepo ulikuwa umefunua turubai nyuma ya pikapu, na chini yake zililala tairi tano mpya, nene, zenye meno kama ya mamba aliyeota mchana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.”

“Hizi tairi umepewa na nani?”

“Kaka yangu. Nimekuja nazo zifungwe. Sasa sijui kilichobaki nikitie kwenye springi, au kwenye breki.”

“Huyo kaka yako mnaelewana?”

“Sana.”

“Basi hakujua, maskini.” Mshauri akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. “Mama, hizi ni tairi za nchi za barafu. Tazama meno haya. Ya kutafuna nini? Theluji! Kwenye joto letu zitalainika kama mkate kwenye chai. Utafika nusu ya njia unatembea kwa rimu.”

“Masikini mimi! Na wala hakuniambia.”

“Usimlaumu. Upendo hauna utaalamu.”

Toka chini ya lori la jirani ikasikika sauti ya Fundi Miguu ikikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maneno ndani yake, lakini Fundi Miguu alikuwa akipata chochote kutoka kwa Mshauri kila kazi, na kikohozi kikapona.

“Na hizo springi?” akauliza mama.

“Springi!” Mshauri akacheka kwa huruma. “Mama yangu, fedha ndogo haifichwi. Ukiitia kwenye springi, nani ataiona? Ukiitia kwenye breki, utaiona siku ya kusimama tu. Gari la porini linataka vitu vinne: taa, pua, winchi na heshima.”

“Heshima mnaiuzaje hapa?”

“Hiyo inakuja na tairi. Nitakutolea zangu, pana, zinang’aa, ukipita watu wanadhani waziri.”

Akamwonyesha taa, ubao mzima wa taa, wa kumulika mji wa jirani. Akamwonyesha pua, yaani lile bomba jeusi linalopanda ubavuni hadi juu ya paa ili gari livute hewa hata likiwa majini mpaka shingoni. Akamwonyesha winchi yenye waya wake, ya kujivutia gari likikwama. Mwisho akamfikisha kwa Malkia.

Malkia ndilo gari lake mwenyewe, pikapu ya umri ule ule, lakini imetunzwa kama mgonjwa wa kulipia. Springi mpya, tairi za meno, breki za kushika hata mawazo. Ukichunguza, Mshauri kwenye gari lake alitia fedha mahali pale pale alipowakataza wenzake.

Mama Miche akalizunguka taratibu. Akapiga tairi teke dogo. Akainama akachungulia chini. Akapapasa bodi kwa kiganja kama mtu anayechagua godoro.

“Na hili lako, baba, linapita bondeni?”

“Malkia? Anapita bondeni akisinzia.”

“Na mzigo?”

“Mpakie hata nyumba.”

“Mwanamke anaweza kuliendesha?”

“Mtoto anaweza, mama! Usukani mwepesi kama ufagio.”

“Haya,” akasema mama, akajifuta mikono kwenye khanga. “Nifungie vyote hivyo. Malipo?”

“Desturi ya hapa, gari likishajaribiwa.”

“Na ile desturi nyingine, ya ufunguo kwa ufunguo, bado ipo?”

Desturi hiyo ilikuwa na chanzo chake. Zamani fundi mmoja aliondoka na gari la mteja kwenda kulijaribu, akaenda nalo harusini, akarudi na bibi harusi lakini bila gia ya kurudi nyuma. Tangu siku ile uwanja ulijiwekea sheria: anayelijaribu gari la mteja humwachia mteja ufunguo wa gari lake, na gari la mteja lisiporudi kama lilivyokuja, mteja hutumia la fundi mpaka lirudi. Mshauri hakuwa amewahi kuifuata, maana hakuwa amewahi kujaribu kitu. Lakini sasa mafundi wote walikuwa wamenyanyua vichwa, na hata Fundi Miguu alikuwa ametokeza mpaka kiunoni, jambo la nadra.

“Ipo, mama,” akasema Mshauri. “Sisi ni watu wa desturi.”

Kazi ikaanza. Ubao wa taa ukafungwa juu, pua likapanda ubavuni, zile tairi za heshima zikaingia mahali pa vipara vya zamani, laini na zenye kung’aa kama kichwa cha bwana harusi.

“Mshauri,” akaita Fundi Miguu toka chini, “bampa hii imeshikwa na imani tu. Itaivumilia winchi?”

“Wewe funga. Imani huhamisha milima.”

Wakati huo Mshauri mwenyewe, kwa mikono yake isiyozoea uzito, alizibeba tairi za theluji moja moja na kuzipakia nyuma ya Malkia. Akazifunga kwa kamba vizuri. “Nitakusaidia kuzitupa, mama,” akasema akihema. “Siku hizi tairi hazitupwi ovyo.” Kumbe mnunuzi wake alikwisha kupigiwa simu, tena mara mbili.

“Mungu akulipe,” akasema mama.

“Amina.”

Sasa jaribio. Mshauri alitaka kulizungusha gari pale pale uwanjani, kwenye sakafu kavu, apige honi na kushuka. Mama Miche akanyoosha kidevu upande wa nyuma, mahali vijana wanapooshea magari, ambapo maji ya miaka mingi yalikuwa yametengeneza dimbwi jeusi lenye tabia zake.

“Pale tu, baba. Uingie, utoke.”

Angeweza kukataa. Lakini mwongo hodari ana ugonjwa mmoja: husema mpaka anajisikiliza. Asubuhi nzima alikuwa amezisifu taa, pua na winchi, na sasa alikuwa muumini wa kwanza. Akatoa ufunguo wa Malkia, akauweka kwenye kiganja cha mama kwa madaha, akapanda, akawasha taa zote mchana kweupe, akaingia dimbwini.

Kuingia aliingia.

Zile tairi zikazunguka kwa heshima kubwa, hazikusogea. Akakanyaga mafuta, tope likaruka, gari likakaa. Akakanyaga tena, gari likajichimbia kama kuku anayetaga.

“Winchi!” wakapiga kelele mafundi, ambao burudani ya namna hii hawakuwa wameipata siku nyingi.

Waya ukafungwa kwenye nguzo. Mshauri akabonyeza. Winchi ikalia, waya ukakaza, kitu kikatoka dimbwini kwa kasi ya kusifika. Kilikuwa bampa. Ilikwenda mpaka kwenye nguzo ikiwa na winchi yake, ikawaacha gari na dereva wakiangaliana.

“Pua bado linapumua!” akapaza sauti Fundi Miguu. “Una bahati!”

Ndipo ukasikika mngurumo mtamu. Malkia alikuwa amewashwa. Mama Miche alikuwa nyuma ya usukani, amejifunga mkanda, anarekebisha kioo kama mtu aliyezaliwa humo.

“Mama! Mama, unakwenda wapi?”

“Bondeni, baba. Miche inanisubiri.”

“Na gari langu?”

“Langu liko wapi?”

Mshauri akatazama alipo. Tope lilikuwa limefika kwenye mlango, ule wa kamba.

“Likirudi kama lilivyokuja, na lako linarudi,” akasema mama kwa upole. “Ndiyo desturi, au nimekosea, jamani?”

“Hujakosea, mama!” wakaitikia mafundi kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

“Angalau nishushie tairi! Bila zile hili halitoki!”

“Tairi zipi, za theluji?” Mama akashangaa. “Zitakulainikia humo, mwanangu. Joto hili!”

Akaondoka. Hakufunga duka mtu, lakini uwanja mzima ulikuwa umesimama.

Miche ilifika. Malkia alipita bondeni akisinzia, kama alivyosifiwa, akarudi kitaluni, akapakia tena, akapita tena, mpaka mche wa mwisho ukashuka ng’ambo. Mama aliporejea uwanjani, dimbwi lilikuwa limeanza kukauka kuzunguka pikapu yake, na Mshauri alikuwa ameketi juu ya paa kando ya lile pua, ovaroli lake halina tena rangi ya kueleza. Alizifunga tairi za theluji kwa mikono yake, akipiga magoti topeni, na gari likatoka mara moja, bila hata kuguna. Akarudishiwa ufunguo wake pamoja na chupa ya maji.

“Nilikuja na swali, baba,” Mama Miche akamwambia. “Fedha kidogo, gari la zamani, nianze na nini? Umenijibu vizuri: anza na gari la mwenzako. Fedha yangu imetosha mafuta, na inayobaki inanunua springi.”

Siku ile ile Mshauri aliufungua ule ubao wa taa, akautafutia mnunuzi wa kumfidia hasara. Na kwa kuwa mjini wajinga hawaishi, alimpata: kijana mmoja ambaye simjui wala sijui anakaa wapi.

Nilikuwa nikiisimulia hadithi hii pale pale kwenye benchi, mbele ya wasikilizaji wa kutosha, na hapo nilikuwa nimemaliza. Dada wa chai akaweka birika chini.

“Humjui?”

“Simjui, dada.”

“Ajabu.” Akawageukia wasikilizaji. “Maana pikipiki yake ndiyo ile pale, ile yenye ubao wa taa kama meli. Ikiwaka taa, inazimika injini. Kila jioni mimi na wanangu ndio tunaisukuma. Kunywa chai yako basi, wewe uliyemtambua siku ya kwanza, jua linazama. Leo tuisukume mapema.”