Koti na Ukuta wa Kobe

Koti alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa pale bahati ilipompitia sikioni.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limepumzika siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita Koti, kwa sababu ya koti lake la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwa la kukaangia mayai. Akiwa ndani ya koti hilo alikuwa amewauzia watu tiketi za tamasha lisilokuwepo, dawa ya kuotesha nywele (kinyozi mwenyewe alinunua chupa mbili), na mara moja, siku aliyoamka vizuri, nafasi ya mbele katika foleni ambamo yeye hakuwa amesimama.

Kinyozi alikuwa akiongea na kibanda kizima, mashine ikinguruma. "Jamani, yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona ana kobe. Kobe si mchezo, mkubwa kama karai la kufulia! Na hajui ana mali gani pale. Kuna bwana mmoja kwenye geti la bluu, kule mtaa wa juu, anakusanya kobe. Kaniambia kwa mdomo wake, atakayemletea kobe wa kimo hicho anaondoka na pikipiki."

Pikipiki! Koti akamwona mke wake papo hapo. Mama huyo alikuwa amefungasha na kurudi kwa mama yake, na mlangoni aliacha maneno machache: "Siku utakapokuwa na kazi ninayoweza kuiona kwa macho yangu, nitarudi. Maneno nimeshiba." Koti aliishi kwa maneno, lakini nyumba bila mke ilimshinda. Chai aliipika, akakosa wa kumlalamikia kwamba ni chungu. Pikipiki ni kitu kinachoonekana kwa macho, tena kinasikika. Akainuka kwenye kiti.

"Na upande wa pili?" kinyozi akauliza.

"Utunze," Koti akasema, akatoka.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akiutazama uwanja wake kama anayesahihisha mtihani wa darasa lililofeli lote. Stoo ya zamani ilikuwa imeanguka pale nyuma, na kifusi chake kilikuwa kimeota magugu ya kufika kiunoni. Kobe alikuwa amehifadhiwa bafuni, na Mwalimu sasa alikuwa akioga kwa ruhusa yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kama unauza kitu, sinunui."

"Siuzi, mama yangu. Mimi ni mtaalamu wa makazi ya kobe."

Mwalimu alimkagua kuanzia viatu, akapanda na koti, akafika kileleni, akakaa hapo kwa muda. "Na huko kichwani, nusu ile ni makazi ya nani?"

"Niliposikia kobe analala bafuni sikuweza kusubiri, mama. Roho iliniuma."

"Unataka kiasi gani?"

Hapa Koti aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa upande ulionyolewa. "Mama, kuna mambo ya fedha na kuna mambo ya moyo. Makazi yake nitayaandaa bure."

Msomaji mwema, mtu akikwambia bure kwa sauti ile, shika pochi yako. Mwalimu hakushika pochi. Alishika sururu iliyoegemea ukutani, akampa. "Matofali mazima yako chini ya kifusi. Saruji nitanunua. Anza pale."

Mpango wa Koti ulikuwa rahisi: azunguke na jembe siku mbili tatu, auzoee mlango, kisha aondoke na mnyama. Kwa hiyo alisafisha pembe moja, akasimika nguzo nyembamba, akazungushia wavu wa kufugia kuku, akampungia Mwalimu mkono. Kobe akatolewa bafuni. Alitembea hadi kwenye wavu, akaona majani upande wa pili, akaupita kama pazia. Nguzo mbili alizikokota mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Mtaalamu," Mwalimu akaita kutoka dirishani, "kobe wako wa kitaalamu amevaa shuka langu."

Siku hiyo Koti alijifunza jambo ambalo wafugaji wote wa kobe wanalijua: kobe anapoona nje, anakwenda nje. Ukuta usiopitisha macho humtuliza. Penye upenyo ataweka kichwa, na nyuma ya kichwa kuna mzigo mzima. Basi ikabidi ujengwe ukuta wa kweli. Ukuta unataka msingi, na msingi unataka kifusi kiondoke. Koti akalivua koti kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akalitundika kwenye msumari.

Ukweli ni kwamba baba yake alikuwa mwashi, naye Koti alikulia juu ya mchanga, akaukimbia mwiko alipogundua kwamba mdomo haupati malengelenge. Mkono, hata hivyo, ulikuwa haujasahau. Aliposhika uzi na timazi, tofali la kwanza lilikaa sawa, la pili likafuata, na Koti akajikuta akipiga mluzi. Akajishtukia. Akanyamaza.

Mwalimu naye alikuwa na mahitaji, au tuseme kobe alikuwa nayo.

"Kobe hapendi maji yatuame. Mchimbie mtaro kutoka jikoni."

"Jikoni, mama? Kobe anapika?"

"Na pale kwenye kona atahitaji sehemu ya kufulia. Isakafie vizuri."

"Kobe anafua?"

"Anachafuka sana yule. Wewe si ndiye mtaalamu?"

Koti alijikaza kisabuni. Akachimba mtaro, akasakafia pa kufulia, akajenga kibanda cha kivuli chenye nyasi kavu, akafukia karai la maji usawa wa ardhi ili mnyama anywe bila kupindua kitu. Kila lilipomjia wazo la kutupa mwiko, aliiwaza pikipiki, na nyuma ya pikipiki alimwona mke wake amekaa upande, amemshika kiuno. Wakati huo kobe alikula magugu yote ya uwanja, mstari kwa mstari, na jioni alikwenda kulala kwa kujivuta kama mtu anayelipwa mshahara.

Hila yenyewe Koti aliiweka upande wa uchochoro. Chini ya ukuta, chini ya kipande cha chuma cha kubeba uzito, alipanga matofali manne makubwa bila saruji, akayapaka matope juu juu. Siku ya siku angeyavuta, kobe atoke, kisha yeye alie kwa uchungu kwamba mnyama katoroka.

Siku hiyo ikafika. Baada ya chakula cha mchana Mwalimu alisema anakwenda kujinyoosha, na mkoromo wake ukasikika mapema mno, tena mkubwa mno, lakini Koti hakuwa na nafasi ya kuuchunguza. Alizungukia uchochoroni na toroli, akavuta matofali, akaegemeza ubao, akaonyesha tango. Kobe alipanda toroli bila hata kuombwa mara ya pili. Koti akamfunika kwa gunia, akasukuma.

Mtaa wa juu unaitwa hivyo kwa sababu njia yote ni mlima. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi. Alipofika geti la bluu aliupanga uso vizuri kabla ya kubisha.

Akafungua mzee mwenye kandambili na rangi nyeupe kwenye ndevu. Akafunua gunia, akapiga makofi. "Umerudi, mkorofi wangu! Rangi imekauka, sasa ukanyage utakavyo. Ahsante sana, kijana. Dada alisema atamtafuta wa kumleta, nikajua atakwama, maana mzigo huu hakuna anayekubali kuupandisha mlima."

"Dada?" Koti akauliza.

"Mwalimu, dada yangu. Alinihifadhia kobe nyumba ikipakwa rangi. Hata yule mpwa wetu, kinyozi, alikataa."

Koti alichungulia ndani ya geti. "Na... pikipiki?"

"Pikipiki gani?" Mzee alimtazama kwa huruma. "Jua limekupiga, mwanangu. Ngoja nikuletee maji. Halafu tuongee, maana uzio wangu wa waya huyu ameumaliza, na dada anasema wewe ukuta unaujua. Mimi nalipa."

Koti hakungoja maji. Aliteremka na toroli tupu likimkimbiza kwa nyuma, hasira zimempanda, maneno yamejipanga mdomoni tayari kwa vita. Aliingia uwanjani kwa Mwalimu kwa kishindo.

Mke wake alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameshika lile koti la kijivu.

"Mwalimu aliniita nije nione," mke akasema. Aliweka kiganja kwenye ukuta, akakipitisha taratibu mpaka mwisho. "Ni wewe umejenga huu?"

Koti aliyatazama yale maneno yote aliyokuja nayo. Kila moja lilikuwa na kobe wa wizi ndani yake. Akayameza, yakashuka kama dawa ya minyoo.

"Ni mimi," akasema, na alishangaa kuona kwamba hakuwa amedanganya.

"Umenyooka." Sauti ya mke ililegea kidogo. "Sikujua kama unaweza."

Koti aliona aibu, na chini ya aibu aliona furaha, na hakujua ashike ipi.

Mwalimu alitoka jikoni na beseni la nguo, akaenda moja kwa moja kwenye sakafu yake mpya ya kufulia. "Kaka kanipigia. Kasema mzigo umefika salama, na anakungoja Jumatatu." Akainama karibu na sikio la Koti. "Kobe wako alikuwa akikodolea macho matofali manne kila siku, asubuhi hadi jioni. Ukuta mzima hakuujali, yale manne tu. Nikajua hapo pana upenyo."

"Na lile tundu pale ni la nini?" mke akauliza, akielekeza kidole upande wa uchochoro.

Mwalimu alikamua nguo, akamtazama mtaalamu wake, akangoja jibu kama anavyongoja mwalimu anayelijua.

"La hewa," Koti akasema. "Lakini limekuwa kubwa. Nilikuwa naja kuliziba."

Akaokota mwiko.

"Fundi," Mwalimu akasema bila kugeuka, "safari hii tia saruji."