Mwalimu Asiyejua Kiswahili

Jumatatu, 4 Novemba
Alhaji Muksini, mwenye shule, katuita ofisini walimu wawili wa Kiingereza: mimi na Mwalimu Salu. Watoto wamepungua. Mwakani anabakiza mmoja. Jibu Ijumaa. Salu ni mwalimu mzuri, nakiri. Watoto wanamkimbilia. Lakini mimi nina silaha. Nimetoka Uganda, na tangu nifike Bariadi mwezi wa saba nimeshikilia kwamba sijui Kiswahili hata neno. Ndiyo maana niliajiriwa. Mtoto akitaka kwenda chooni kwenye kipindi changu, anaomba kwa Kiingereza au anajijua mwenyewe.

Ukweli: nimekulia Busia, mpakani, mama akiuza mitumba kwa Kiswahili. Nakiandika humu kisinikauke.

Mkakati wa wiki: nizidi kutojua.

Jumanne, 5 Novemba
Dukani kwa Mustapha. Nilitaka chumvi. Nikalamba kidole, nikakunja uso. Akafikiri sana, akanipa dawa ya vidonda vya mdomo. Nikalamba tena. Akaniongezea ya pili, bure, na akaniombea dua nipone. Nimekula maharage chapwa. Hata hivyo, Mungu ambariki Mustapha.

Jumatano, 6 Novemba
Mama Milembe, mwenye nyumba wangu, alikuwa uani akipepeta choroko na jirani yake. Nikakaa karibu, uso mtupu kama ukuta, nikitega sikio huenda wakamsema Salu. Wakanisema mimi. Mama alisema nimekonda. Akasema mwanawe angekuwa ugenini, angependa huko awepo mama mmoja wa kumtupia jicho. Jioni akaniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando, bakuli kubwa. Nikashukuru kwa Kiingereza. Neno likatoka dogo mno kwa bakuli lile.

Ijumaa, 8 Novemba
Siku yenyewe. Nimevaa tai. Salu aliomba aseme kwanza. Akasema kwa Kiswahili, mbele yangu, akiamini sielewi. Alimweleza Alhaji kwamba yeye yuko kwao. Ana shamba la pamba Mwamanyili, ana mume, ana ndugu. Mimi sina mtu hapa.

"Mbakize mgeni, Alhaji. Mimi nitalima."

Ushindi! Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu. Nilinyamaza kama sekunde mbili. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana, Alhaji. Mwalimu Salu ana watoto watatu, na darasani ananishinda. Abaki yeye."

Kiswahili safi, ngeli zote mahali pake. Alhaji akavua miwani, akauliza kama nimejifunza yote hayo tangu asubuhi. Nikamweleza kila kitu. Salu alicheka mpaka akatafuta leso. Alhaji hakucheka. Alisema uongo ni uongo. Kisha akasema mwalimu wa Kiswahili wa darasa la tatu na la nne anahamia Kahama, na hajapata wa kushika nafasi yake. Nivichukue vipindi hivyo. Na Jumatatu, paredi, niwaombe radhi watoto waliojibana kwa ajili yangu.

Tumebaki wote wawili. Sikustahili. Nimeshukuru mpaka Alhaji akanionyesha mlango.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemshukuru Mama Milembe kwa Kiswahili, na mwishoni nikaongeza wabeja, asante ya Kisukuma. Akauliza, taratibu, kama basi siku ile nilisikia pia aliposema nina miguu ya korongo. Nilisikia. Akaniongezea maziwa.

Jumapili, 10 Novemba
Mayige, kaka yake Mama Milembe, amefika kutoka Sola. Mvua imeanza, pamba haisubiri. Aliuliza kama kwetu tunalima kwa maksai. Watu hawa wamenitendea wema mno, ningewezaje kumvunja moyo? Nikamwambia nimezaliwa nyuma ya jembe la ng'ombe, na kijijini waliniita fundi. Amefurahi sana. Jumamosi ananiachia jozi mbili na ekari tatu, yeye aende mnadani.

Maksai husimamishwaje? Nitaangalia kwenye simu. Hakuna atakayejua.