Nilivyoinasa Sauti ya Baba Mkwe

Alhamisi, 6 Machi
Roho juu. Jumatano baba mkwe anapasuliwa koo. Daktari kasema sauti huenda isirudi. Mzee kafundisha miaka thelathini na tisa, akisoma imla hata darasa la jirani linaandika. Keshokutwa wanafunzi wake wa zamani wanamwandalia hafla ukumbini, naye atahutubia. Mke wangu anataka hotuba inaswe. Nikajitolea haraka kabla hajatajwa shemeji, kaka yake, fundi mitambo wa ukumbi. Ukweni sifa zote ni zake. Nimeazima kinasa sauti kwa jirani. Kina matundu mawili, la maiki na la laini. Mawili ya nini?

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza shemeji juujuu, kama vile sijali. Akaeleza kuwa sauti ya maiki ni dhaifu, hivyo tundu la maiki huikuza. Inayotoka kwenye mtambo imeshakuzwa, ipite tundu la laini. Tena nivae hedifoni nisikilize kwanza. Alikuwa mpole mno. Upole wa nini? Nimemshtukia. Anataka nichemshe mbele ya wakwe. Nafanya kinyume.

Jumamosi, 8 Machi
Waya kutoka mtambo wa shemeji, moja kwa moja tundu la maiki. Taa za kinasa zikawa nyekundu tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Nikajua sauti inaingia kwa wingi. Hedifoni sikuvaa, nisionekane nina wasiwasi. Mzee alizungumza dakika arobaini, watu wakalia. Nyumbani tukasikiliza. Mkwaruzo mtupu, kama bati linaburutwa barabarani. Mke wangu alikwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwambia mzee umeme wa ukumbi ulileta matatizo. Uongo, Mungu anisamehe. Kakubali kurudia Jumanne, sebuleni kwake. Mke wangu akauliza kama tumwite kaka yake. Nikasema hapana, sasa mashine naijua.

Jumanne, 11 Machi
Mzee kitini, maji ya moto mkononi. Nikambania maiki ndogo kwenye kola. Tundu la maiki lilishaniaibisha, sirudii. Nikachomeka la laini, kama shemeji alivyosema. Safari hii taa hazikuwaka hata moja. Utulivu! Nikashusha pumzi. Mzee akasimulia alivyomposa mama mkwe, akakatizwa na kikohozi mara mbili, akaendelea kwa ajili yetu. Tulipofungulia, kimya. Tukaongeza sauti hadi mwisho, tukamsikia mtu kwa mbali sana, kama yuko nyumba ya nne. Mke wangu akakaa sakafuni. Alisema kesho saa mbili asubuhi baba yake anaingia chumba cha upasuaji. Basi. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumatano, 12 Machi
Mzee katoka salama. Daktari kasema atanong'ona tu, maisha yake yote. Nilitoka nje nikalia nyuma ya magari.

Ijumaa, 14 Machi
Muujiza. Mke wangu kaukuta kwenye simu yake ujumbe wa sauti ambao mzee aliutuma Jumanne jioni. Dakika mbili, safi kabisa. Anamwambia binti yake asinigombeze. Anasema hakujali kifaa, alifurahi kukaa nami saa nzima, maana siku zote huwa namkimbia. Tumeusikiliza mara sita. Mke wangu kanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Ndiyo sauti pekee tuliyobaki nayo. Simu hupotea, simu huanguka majini, nimekosa raha kabisa. Nimeamua kuihamishia kwenye kinasa mke wangu akiwa sokoni, nimshangaze. Simu yake kaiacha mezani, waya upo. Shemeji angesema laini, lakini laini ndiyo iliyoniumbua Jumanne. Nachomeka la maiki. Nikimaliza nitaufuta ule wa kwenye simu, maana simu yenyewe imejaa.