Wiki Niliyoipangusa Kompyuta ya Kitindamimba

Jumatatu, 2 Juni

Daftari, nakusalimu. Mimi ninayekuandika ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Baba Watoto ni mzima, yuko karakanani anapiga randa mlango wa mteja, anakohoa kidogo kwa vumbi la mbao. Mama mkwe ni mzima: amekula, amelalamika, amelala. Kitindamimba wangu ni mzima wa mwili. Paka mzima. Cherehani nzima. Binti yangu mkubwa, aliyekununua, yuko mbali kikazi, na ndiye aliyesema, Mama, ukipata wasiwasi andika humu, usinipigie simu mara tisa kabla ya saa sita. Haya. Naandika.

Wasiwasi ni huu. Kitindamimba ametengeneza programu ya zahanati, ili wajawazito wapangiwe saa zao, wasikae benchini tangu alfajiri. Ameijenga kwa Java, lugha ya kompyuta. Alinifafanulia vizuri: kuna kiunzi tayari, nguzo na paa wenzake walishasimamisha, kazi yake ni kujaza vyumba. Ijumaa saa nne Mganga Mkuu ataitazama. Ikimpendeza, anampa kazi papa hapa, dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Isipompendeza, Jumapili mtoto anakwenda kwa shangazi yake, siku mbili kwa basi, kupokea simu za ofisini. Begi limeshashushwa kutoka juu ya kabati. Nikipita hapo nafumba macho.

Sasa kosa langu. Asubuhi, yeye yuko bafuni, nikaona kompyuta ina vumbi. Kitu cha kupelekwa mbele ya Mganga, kina vumbi! Nikachukua kitambaa kibichi, nikapangusa vitufe. Herufi zikaanza kutembea kwenye kioo kama siafu! Nikakumbuka kitufe anachofutia. Nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka pakarudi palivyokuwa. Nadhani. Nikaenda kwenye cherehani nikaimba wimbo wa kanisa, nikaruka ubeti wa pili.

Saa tatu Kitindamimba akasema programu haiwaki. Jana iliwaka vizuri.

Nikasema labda ni umeme.

Jumanne, 3 Juni

Haiwaki. Ameizima mashine na kuiwasha. Haiwaki. Akasema huenda mabaki ya jengo la zamani yanachanganyika na jipya, akafuta yote, akajenga upya. Haiwaki. Kila akijaribu, kioo kinajaa maneno kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayegombezwa na wakwe.

Mama mkwe akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akatikisa kichwa, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Sindano ikanichoma kidole.

Nikapata wazo. Siwezi kusema ni mimi. Mtoto atavunjika moyo, na anao mchana kutwa wa kuvunjika moyo bila msaada wangu. Lakini naweza kutafuta dawa kimyakimya! Pale kwenye duka la kuchapisha karatasi kuna mtu wa makamo, Fundi Miwani, anayeponya kompyuta. Nitamnakilia maneno ya kioo, atanitajia ugonjwa, nami nitaupenyeza nyumbani kama mawazo yangu.

Kitindamimba alipokwenda kunywa chai, nikanakili. Herufi kwa herufi. Kiingereza changu ni cha darasa la nne, lakini mkono wangu ni wa fundi. Kurasa mbili na nusu! Kisha sufuria ikafurika, nikaacha.

Fundi Miwani akasoma kurasa zote. Akavua miwani. Akasema mama, mwandiko wako mzuri sana, lakini umeniletea kelele tupu. Akasema Java ina tabia ya kulia sana kabla ya kusema imeumia wapi. Sababu iko chini kabisa, mkiani. Mkia uko wapi? Nikasema mkia uliungua na sufuria.

Jumatano, 4 Juni

Kitindamimba amenikuta nanakili mkia! Nikadhani nimekwisha. Nikasema najifunza. Akanikumbatia. Akasema hajawahi kufikiria mama yake angejifunza Java. Akampigia simu dada yake kumwambia. Machozi yakamlenga. Mimi pia, kwa sababu tofauti.

Mkia unasema programu haijaambiwa anwani ya hifadhidata, yaani ile ghala yanakotunzwa majina ya wajawazito. Kitindamimba akafungua faili ya mipangilio, akanionyesha. Anwani ndiyo hii, mama, imeandikwa, naiona kwa macho yangu! Hii mashine ina upofu gani? Akashinda anaikagua ghala. Ghala nzima. Akawasha nakala yake ya mwezi jana, ikawaka. Basi ubaya uko kwenye alichoandika tangu hapo. Anasoma mstari kwa mstari. Kurasa mia na kitu.

Nikakimbia kwa Fundi Miwani na mkia wangu. Akauliza nani ameigusa faili ya mipangilio. Nikasema labda panya. Akasema panya wa kwenu wamesoma.

Kurudi, nikakutana na Mama Vyeti mlangoni. Ni jirani yetu. Ametundika vyeti vya mwanawe sebuleni, na kimoja cha kuogelea amekitundika chooni. Mwanawe naye anatengeneza programu, tena tunamwita Mhandisi kwa amri ya mama yake. Akaliona begi. Akauliza kwa sauti ya msibani, Kitindamimba anasafiri lini? Akasema Mhandisi wake hajawahi kupata hitilafu hata moja, programu zake zinawaka kama kibiriti.

Ulimi hauna mfupa. Nikasema ya kwetu inawaka kama jiko la gesi. Nikasema njoo kesho saa kumi ujionee.

Kwa nini nimesema?

Alhamisi, 5 Juni

Saa kumi kasorobo. Mama Vyeti ameshafika. Amevaa kama anakwenda harusini.

Kitindamimba akanitazama. Nikatazama dari. Mtoto mwenye adabu, akasema karibu sana, akawasha mbele yake. Kioo kikajaa kelele. Mama Vyeti akasema lo, maneno mengi, hiyo ndiyo programu yenyewe? Kitindamimba akasema hapana, hayo ndiyo makosa. Mama Vyeti akasema pole mwanangu, hata simu zinahitaji watu wa kuzipokea. Akamaliza chai yangu yote kabla ya kuondoka.

Kitindamimba hakunilaumu. Heri angenilaumu. Akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi.

Nikakaa mbele ya kompyuta. Faili ya mipangilio iko wazi. Sijui maneno yale, lakini kukunja pindo najua, ni miaka ishirini na sita sasa. Mistari yote ya fungu lile imeingia ndani kidogo, imepangana sawasawa kama vifungo vya shati. Wa mwisho, wenye anwani, umetoka nje peke yake. Umegusa ukingo. Na pale ndipo siafu wangu walipotembea Jumatatu! Nilipokuwa nafuta, nilifuta mpaka na upenyo wa mbele.

Mtu mwema angemwita mtoto. Mimi nikasema la, nirekebishe mwenyewe, kisha niseme hebu jaribu tena, mwanangu, mama ana hisia. Heshima mara mbili!

Kuna kitufe pembeni chenye mishale miwili. Nikakibonyeza mara moja. Mstari ukaruka ndani, ukalingana na wenzake. Pindo zuri ajabu. Nikaita, hebu jaribu tena, mwanangu, mama ana hisia.

Akajaribu. Kelele! Lakini kelele mpya. Fupi. Kitindamimba akasogeza uso karibu na kioo. Akasema inalalamikia mstari wa tisa wa mipangilio. Akasema faili hii haitaki kabisa kitufe cha mishale miwili, inataka nafasi za kitufe kirefu tu. Akasema yeye hakitumii kitufe hicho. Hajawahi kukitumia maishani mwake.

Akageuka polepole.

Nikasema labda panya.

Akasema mama.

Basi nikamwaga yote. Kitambaa, siafu, sufuria, Fundi Miwani, hata wimbo wa kanisa. Nikasema nilitaka ipendeze kwa Mganga. Nikasema niliogopa. Nikasema sitaki uende kwa shangazi yako, yule hapiki mboga mpaka ziive, na nyumba hii utaniacha na nani, na paka?

Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mama mkwe akatoka kuuliza nani amekufa. Kitindamimba akasema siku nne ametafuta kosa lililokuwa likicheza mbele ya macho yake, anwani ipo lakini imesimama nje ya nyumba yake, ndiyo maana programu haikuiona wala haikusema iko wapi. Na kama si mishale yangu, isingelitaja mstari wa tisa. Akasema umeharibu vibaya, mama, kisha umeharibu vizuri.

Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa ukurasa wa nyuma.

Akafuta mshale, akabonyeza kitufe kirefu mara nne. Akawasha. Ikaenda, ikaenda, kisha ikasema mlango wake una mtu! Nikapiga kelele SIYO MIMI! Na kweli siyo mimi! Ni ile nakala ya mwezi jana, aliiacha inaendelea tangu jana, imekalia mlango uleule ambao mpya inataka. Akaizima. Sijawahi kuwa na furaha hivyo kwa kosa la mtu mwingine.

Ikawaka.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeahidi kutogusa. Nimeapa mbele ya Mama mkwe. Kitindamimba akanifungia mikono kwa kunibebesha mwavuli na karatasi.

Zahanatini nikabaki nje benchini na wajawazito. Mmoja alikuwa amefika saa kumi na moja alfajiri, miguu imevimba kama mikate. Nikamwambia mwanangu yuko ndani anakutengenezea usingizi wako. Akasema Mungu ambariki, na je, anaweza kunitengenezea na mume? Tulicheka mpaka muuguzi akatunyamazisha.

Ndani, kwa maneno ya Kitindamimba, Mganga Mkuu aliuliza jambo moja tu zito: siku itakapogoma, utafanya nini? Mtoto akajibu, nitaanza kusoma chini, siyo juu. Kisha nitauliza nani amegusa nini, nami nitauliza kwa upole, kwa sababu watu huficha wakiogopa.

Mganga akasema aanze Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio, kisha wataona.

Miezi mitatu! Dakika kumi kwa miguu! Begi limerudi juu ya kabati. Baba Watoto alilirudisha mwenyewe, akasema vumbi la mbao limemwingia machoni, ilhali leo hakwenda karakanani.

Jumamosi, 7 Juni

Mama Vyeti amekuja mlango wa nyuma. Bila hereni. Akanong'ona. Programu ya Mhandisi imegoma tangu jana, inatoa ukurasa mweupe mtupu, na mtoto hataki kusaidiwa na mtu, hali chakula, amejifungia. Akaniuliza kama Kitindamimba anaweza kutazama.

Nikamwonea huruma kweli. Mama ni mama. Lakini Kitindamimba amelala, ana haki ya kulala. Na ya nini kumsumbua wakati mimi nipo? Mkia naujua. Mlango wenye mtu naujua. Pindo ndiyo kazi yangu. Nikasema niachie.

Nimemwandikia karatasi hii, naiingiza chini ya mlango wake sasa hivi:

Jirani mpendwa, salamu. Sisi wazima, Baba Watoto mzima, Mama mkwe mzima, paka mzima. Mhandisi akiingia kuoga, iache kompyuta wazi, nije kwa mlango wa nyuma. Usimwambie. Nitahitaji dakika tano na kiti cha kukaa. Nijibu upesi, kabla Kitindamimba hajaamka.