Ombi la Kufukuliwa kwa Bomba Nililozawadiwa

Cleveland, Ohio
Mei 11

Kwako Bi. Theodora Mlakar Hayes,
Binti yangu wa pekee, na kwa hiyo ofisi pekee ya malalamiko niliyo nayo,

YAH: BOMBA LA KUZIBULIA LILILOKO MBELE YA DIRISHA LANGU

Mimi mzima, na nyumba nzima. Hata hivyo ninayo malalamiko, nayo naomba uyasome ukiwa umekaa.

1. Zawadi yenyewe. Oktoba nilitimiza miaka themanini na moja. Wenzangu wakifika umri huo hupewa sweta. Wewe ulinipigia simu kutoka Arizona ukasema, "Baba, zawadi yako inakuja Jumanne saa mbili asubuhi. Usiegeshe gari mbele ya nyumba." Ikaja na katapila. Sibishi kwamba nyumba hii ina miaka mia, kwamba mabomba yake ya maji taka ni ya udongo, na kwamba mizizi ya mti alioupanda mama yako imeyaingia kila kiungo. Lakini walichimba shimo refu kuliko mimi, wakalikata bomba la zamani, wakaliunganishia bomba la plastiki linalopanda wima hadi kwenye majani ya bustani, ili fundi azibulie akiwa nje, wakalifunika kwa kifuniko cheupe, wakafukia, wakaenda zao. Hakuna aliyeniimbia.

2. Kifuniko. Jirani yangu Bi. Sustaršič alikitazama akasema, "Viktor, bustani yako imeota jino." Kesho yake akaleta yule bata bukini wake wa saruji, anayemvalisha nguo kwa majira, akamsimamisha juu yake kwa huruma. Hivi sasa bukini amevaa koti la mvua la njano. Mpeleka barua humsalimu yeye kwanza, kisha mimi. Sina ugomvi na bukini. Nasema tu kwamba katika nyumba yangu nimekuwa wa pili.

3. Odell Pettiford, fundi bomba. Hapa ndipo penye kiini cha barua, tafadhali usiruke mistari. Kwa miaka kumi na tisa, kila Aprili, Odell aliingia kwa mlango wa ubavuni na mashine yake ya waya, akashuka nayo chumba cha chini, akalifungua tundu la zamani la bomba kwa nyundo na matusi, akaanza kukata mizizi. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Mimi nilikaa kwenye ngazi, nikimshikia tochi na kumwonyesha makosa yake. Akipumzika, tulikula soseji na kabichi chachu, tukaisema timu yetu ya besiboli. Mwaka aliofariki mama yako alikuja kama kawaida, akaona kiti cha mama yako kitupu, akaniambia, "Mzee Viktor, leo mizizi ni mingi." Haikuwa mingi. Alikaa mpaka jioni.

Mwaka huu nilipika tangu asubuhi. Nikasikia mashine huko nje. Nilipomaliza kuvaa suruali na kufika mlangoni, alikuwa anakunja mpira wa maji. "Dakika kumi na mbili, Mzee wangu! Binti yako ana akili huyo!" akasema, akapanda gari, akaenda kwa mteja mwingine. Soseji za watu wawili nilizila siku tatu.

4. Wewe mwenyewe. Chumba cha chini kilipokuwa kikifurika ulikuwa ukinipigia mara tatu kwa siku. "Baba, maji yamefika wapi? Umevaa viatu? Usiguse swichi!" Mara moja ulipanda ndege, ukateka maji kwa ndoo pamoja nami, ukanikaripia siku nne mfululizo. Zilikuwa siku nzuri sana. Sasa maji yakirudi nyuma humwagikia kwenye majani, chini kukavu, na simu ni Jumapili, dakika sita. Unauliza, "Bomba linaendeleaje?" Najibu, "Vizuri." Tukishafika hapo, mazungumzo yetu yamekwisha.

Kwa kuzingatia hayo, naomba bomba hilo lifukuliwe, udongo urudishwe, na mafuriko yarejeshwe nyumbani kwangu kwa utaratibu wa awali. Ikiwa mafundi watakataa, naomba walau kifuniko kizibwe kwa saruji. Na ikiwa hilo nalo haliwezekani, naomba nipewe mti wa pili.

Nisalimie mkwe wangu Preston, watoto, na yule mama wa ghorofa ya juu hapo kwenu aliyenitumia ndimu. Bi. Sustaršič anakusalimu.

Nabaki,
Baba yako mtiifu,
Viktor Mlakar

Baada ya hayo: Barua hii imekaa mezani siku mbili kwa kukosa stempu, na katika siku hizo limetokea jambo. Usiulize taulo la kuogea liliingiaje chooni. Maji yakafurika kule kwenye majani. Nikampigia Odell. Akaingiza waya, akalivuta taulo, akalikunjua, akalitazama, akanitazama.

"Mzee Viktor, hii ni mizizi ya aina gani?"

Nikasema sijui.

"Ungesema tu, 'Odell, njoo tule.' Mimi nina simu, bwana."

Ndipo aliponiambia kwamba zile ngazi zimemwumiza magoti miaka yote kumi na tisa, na kwamba chakula changu hakuwahi kukila bila kunusa bomba. Akanawa mikono, akaingia kwa mlango wa mbele, akakaa mezani mpaka saa tisa. Amekula chakula cha watu watatu. Anasema atakuja Alhamisi, bila mashine.

Kwa hiyo futa ombi langu lote. Bomba likae hapo lilipo. Nawe njoo Juni, ulete watoto. Hakuna kilichoharibika.