Kebo Iliyopita Saunani

Jumatatu, Machi 4

Nimeahidi. Tena nimeahidi juu ya kikombe cha kahawa, na mtaani kwetu ahadi ya namna hiyo huwezi kuikimbia.

Mjukuu wa Bi Hilkka, jirani yangu wa ngazi B, mlango wa pili wa jengo letu, anaolewa Jumamosi huko Kanada. Arusi itaonyeshwa kwenye intaneti, saa tano asubuhi. Bibi hana intaneti. Kila kampuni iliyowahi kumpigia simu ameshaitukana. Na nyonga yake mbovu, hajavuka ua wa jengo tangu barafu ishike. Nikamwambia, mama, kunywa kahawa yako utulie. Intaneti ninayo mimi ngazi A, na Tauno Rautavirta aliyepikia mabaharia kutoka Antwerp mpaka Santos hashindwi na jengo la ghorofa mbili. Nitakuletea kwa kebo mpaka sebuleni.

Akauliza kama nimesomea mambo hayo. Nikamjibu kwamba shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji.

Jumanne, Machi 5

Intaneti ya hewani haifiki kwake. Katikati ya jengo kuna handaki la kujikinga na mabomu, zege tupu. Kwa hiyo kebo: kutoka kwangu, chini mpaka ghorofa ya ardhini, kupitia sauna ya jengo, chumba chetu cha kuogea mvuke, halafu juu ngazi B. Kebo moja haifiki. Nimetumia mbili, na zinapokutana nimeweka kisanduku cha kugawia intaneti. Zinakutana saunani.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Adui wa umeme ni maji. Maji huanguka chini. Basi kisanduku nimekifunga juu kabisa, karibu na dari, juu ya benchi la juu. Waya wa umeme nimeuvuta kutoka chumba cha kuvulia nguo. Sauna yetu huwashwa Jumamosi jioni tu, na arusi ni asubuhi. Nikishamaliza nakitoa, hakuna atakayejua.

Hasa asijue Oiva Pulkkinen, mwenyekiti wa jengo. Alinishinda uchaguzi kwa sababu moja tu: ana mashine ya kuzoa theluji.

Jumatano, Machi 6

Inafanya kazi! Nimempa Bi Hilkka kompyuta yangu ya zamani. Ametazama hali ya hewa ya Kanada asubuhi nzima, akanipa maandazi ya iliki, na akanigombeza kwa sababu kebo imepita juu ya ua lake la dirishani.

Naona mbali sasa. Leo ngazi B, kesho jengo zima. Oiva mwenyewe atakuja kuniomba, kofia mkononi.

Alhamisi, Machi 7

Balaa. Bi Hilkka amesema arusi ni saa tano ya kwao. Kwetu inakuwa saa kumi na mbili jioni. Akaniuliza, wewe baharia, hukujua kwamba jua haliwafikii watu wote pamoja? Nikasema nilikuwa jikoni, jikoni hakuna madirisha.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni ni zamu ya Oiva saunani.

Nikaenda kukihamisha kisanduku. Hakihamishiki. Kebo nilizivuta zikakaza kama kamba ya nanga, hazitoi hata shubiri moja. Kununua ndefu zaidi ni kukiri kwamba nilipima vibaya. Siwezi.

Ijumaa, Machi 8

Nimemwendea Oiva na samaki aliyekaushwa kwa moshi, mkubwa, wa mkono wangu. Nikamwomba tubadilishane zamu, mara hii tu. Akamtazama samaki kwa huzuni. Akasema zamu ile aliachiwa na baba yake. Akasema hata siku mkewe anajifungua aliingia saunani, na mkewe ndiye aliyemfukuza kutoka hospitali aiwahi zamu. Kisha akauliza, "Tauno, una nini wewe?"

Nikasema sina kitu. Samaki akabaki naye.

Njia imebaki moja. Nimeandika bango: JIKO LA SAUNA BOVU. HATARI.

Jumamosi, Machi 9

Bango nililibandika asubuhi. Sikufikiri kwamba mwenyekiti akiona jiko bovu huleta sanduku la vifaa. Oiva amelichokoa mchana kutwa, hakuona ubovu, akaamua kulijaribu vizuri. Akalitia moto kuliko siku zote.

Mimi niko juu kwa Bi Hilkka, sijui lolote. Picha safi. Bibi arusi akatokea mlangoni mwa kanisa. Bi Hilkka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema binti ana pua ya marehemu babu yake. Picha ikasimama. Bibi arusi mguu mmoja juu.

Halafu harufu ikaja.

Nikashuka mbio. Oiva amekaa benchi la juu kama alivyozaliwa, ananyoosha kidole darini. "Bwana we, hii jibini ni yako?"

Kisanduku kilikuwa kimeyeyuka, kinadondoka. Nikamweleza yote, mpaka bango. Akayamwagia mawe ya jiko kata moja ya maji, akangoja mvuke upite, akauliza kwa nini sikumleta tu mama wa watu nyumbani kwangu.

Nikasema hilo nalo si ufundi.

Akajifunga taulo. Tukamteremsha Bi Hilkka, tukamweka kwenye kigari chake cha kuteleza, kile chenye kiti mbele na vyuma chini, tukamsukuma kukatiza ua wenye barafu. Oiva anafuka kama sufuria ya viazi. Bibi anatuhimiza, sukumeni nyie wazee, wanaapishana bila mimi.

Tumefika kwangu wakiwa kwenye viapo. Amevisikia vyote. Kisha wakampigia simu ya picha, wakaigeuza kamera ukumbi mzima umwone. Wakamwona na Oiva nyuma yake kwa taulo. Mzee mmoja wa huko, mtoto wa wahamiaji waliotoka kwetu, akasimama kuuliza sauna ilikuwa na joto kiasi gani. Oiva akamtajia. Ukumbi ukapiga makofi.

Bi Hilkka alinishika mkono muda mrefu. Machozi yalinitoka. Moshi wa plastiki ni mbaya.

Jumapili, Machi 10

Oiva amekuja kwa mamlaka yake yote: kebo itoke, nisiguse tena sauna. Nimekubali kwa unyenyekevu. Amerudisha sahani ya samaki, tupu.

Lakini Bi Hilkka kaninong'oneza kwamba bibi arusi ana mimba. Ubatizo nao utaonyeshwa. Na mimi nimeshaliona kosa langu, ni moja tu: joto.

Jirani na sauna kuna chumba cha mafriza ya wakazi. Baridi haijawahi kuyeyusha kisanduku cha mtu. Tundu la umeme lipo moja, na limechukuliwa na friza la Oiva, lenye nyama yake ya uwindaji. Nitalichomoa kidogo tu. Nyama iliyoganda haina haraka.